Kuchambua Barua Taka: Tufundishe Kupima, Tusifundishe Kukataza Tu

Miongoni mwa kazi za mwalimu wa shule ya msingi ipo moja ambayo haionekani katika ratiba ya vipindi, nayo ni kumwandaa mtoto kusoma maandishi yasiyotoka kitabuni. Katika vijiji vinavyoizunguka Bujora, na katika mwambao wote wa Ziwa Victoria, mara nyingi mtoto wa darasa la tano ndiye msomaji wa nyumba. Bibi akiletewa ujumbe katika simu ya mkononi humwita mjukuu wake amsomee. Mtoto husoma. Ujumbe ukisema kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, mtoto husoma hivyo hivyo, kwa sauti ile ile aliyofundishwa kusomea hadithi ya Sungura na Fisi. Na bibi, ambaye kweli alikuwa amepanga kumtumia ndugu yake fedha, huenda akazituma kwa mwizi. Mtoto amesoma vizuri, lakini hakupima alichokisoma.

Maoni yetu katika makala haya ni kwamba kupima huko kunaweza kufundishwa, na kwamba njia nzuri ya kukufundisha tunaweza kuiazima mahali ambapo wengi wetu hatukutazamia: katika programu inayokaa ndani ya seva ya baruapepe na kukagua kila barua kabla haijamfikia mwenyewe. Baadhi ya wanachuo watauliza kwamba seva inahusiana nini na shule ambayo haina hata kompyuta moja. Tunajibu kwamba tunachokitaka ni hesabu yake na mpango wake wa kufikiri, wala si mashine yenyewe. Hesabu hiyo yafanyika kwa kadi ishirini za karatasi ngumu na ubao mmoja.

Barua taka na kazi ya seva

Barua taka ni barua inayotumwa kwa watu wengi kwa pamoja bila wao kuiomba, ama kwa ajili ya kuuza kitu, ama kwa ajili ya kuwalaghai. Jambo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo Novemba 1975 Jon Postel, mmoja wa waasisi wa mitandao ya kompyuta huko Marekani, aliandika waraka mfupi akionya kwamba kompyuta inayopokea barua haikuwa na njia ya kuzikataa baadhi na kuzikubali nyingine. Onyo lake halikuchukua muda mrefu kutimia. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 katika mtandao wa ARPANET. Tangu hapo swali limekuwa lile lile: mpokeaji atatenganishaje barua njema na taka bila ya kuzisoma zote mwenyewe?

Seva ni kompyuta inayofanya kazi ya posta. Barua inapofika, programu iliyomo ndani yake haiitii katika sanduku la mtu mara moja. Kwanza huuliza barua imetoka wapi. Mwenye jina la anwani huweza kutangaza orodha ya seva zilizoruhusiwa kupeleka barua kwa jina lake. Barua ikitoka kwenye seva isiyokuwa katika orodha hiyo, hiyo ni dalili mbaya. Huweza pia kuitia barua lakiri ya hesabu, ambayo haitalingana tena ikiwa maneno yamebadilishwa njiani. Kisha programu hutazama kama kompyuta iliyoituma imo katika orodha za zile zinazojulikana kwa kusambaza taka. Baada ya hayo ndipo inapoyatazama maneno yenyewe.

Tuchukue programu moja inayotumika sana, SpamAssassin, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2001. Kila dalili ina alama zake. Dalili mbaya huongeza alama, dalili njema hupunguza. Mwishoni alama hujumlishwa, na kwa kawaida barua ikifikisha 5 huhesabiwa kuwa taka. Programu nyingine yoyote iliyomo katika seva, kwa mfano ile inayopokea maombi ya nafasi za masomo chuoni, huweza kuikabidhi barua kwa chujio hilo na kurudishiwa jumla ya alama. Na hapa wanachuo waangalie jambo moja kubwa: chujio hupima tu. Uamuzi wa kuikataa barua, kuitia alama ya tahadhari au kuiweka kando hubaki kwa yule aliyeipanga seva.

Tukiutazama mpango huu kwa jicho la mwalimu, tunaona ndani yake mafundisho matatu.

Fundisho la kwanza: dalili nyingi ndogo

Sisi walimu tumezoea kumpa mtoto kanuni moja kubwa. Tunamwambia, "Usijibu ujumbe wa mtu usiyemjua." Lakini mtu asiyejulikana huweza kuwa mwuguzi wa zahanati anayetumia simu ya kazini, au mjomba aliyenunua laini mpya. Tena, mtu anayejulikana huweza kuwa ameibiwa simu. Kanuni moja huvunjika siku ya kwanza inapokutana na maisha, na mtoto akiiona imevunjika huitupa yote.

Chujio la seva haliitegemei dalili moja. Neno "fedha" peke yake halimhukumu mtu. Barua nyingi za haki huzungumza habari za fedha. Lakini fedha, pamoja na haraka, pamoja na namba ngeni, pamoja na ombi la siri, hayo yote yakikutana uzito wake ni mwingine kabisa. Mtoto wa Usukuma hatalishangaa jambo hili. Mkulima anayepanga pamba yake mafungu mawili, safi na fifi, hatazami jambo moja. Hutazama rangi, hutazama madoa, hutazama majani yaliyonasa, kisha ndipo hutupa tonge katika fungu lake. Kupima kwa dalili nyingi ni elimu ya shambani ambayo shule inapaswa kuipa jina na hesabu.

Fundisho la pili: mifano ya pande zote mbili

Hapa ndipo tunapotaka wanachuo watulie zaidi, maana ndipo tunapokosea mara nyingi. Chujio la maneno hujifunza. Msingi wa kujifunza kwake ni kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761, ambaye maandishi yake juu ya jambo hili yalichapishwa mwaka 1763. Kanuni hiyo hutuonyesha jinsi ya kubadili dhana yetu kila tunapopata ushahidi mpya. Mwaka 1998 wataalamu wa Marekani waliandika juu ya kuitumia kwa barua taka, na mwezi Agosti 2002 makala ya Paul Graham yaliieneza njia hiyo miongoni mwa watengenezaji wa programu.

Chujio la namna hii hufundishwa kwa mifano. Huonyeshwa barua taka likaambiwa, "Hizi ni taka," na huonyeshwa barua njema likaambiwa, "Hizi ni njema." SpamAssassin, kwa mpango wake wa kawaida, hairuhusu sehemu yake hii ianze kutoa hukumu mpaka imekwisha kuonyeshwa barua taka 200 na barua njema 200. Haitoshi kuonyeshwa taka 400. Lau ingeonyeshwa taka peke yake, kila neno lingekuwa neno la taka, hata "shikamoo" na "habari za nyumbani".

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Tunapowafundisha watoto juu ya ulaghai, tunawaonyesha mifano mingapi ya ujumbe wa haki? Kwa kawaida hata mmoja. Tunabandika ukutani ujumbe wa wezi, tunautolea onyo, tunamaliza kipindi. Matokeo yake tunapata watoto wa namna mbili: wale wanaoogopa kila kitu, hata taarifa ya chanjo, na wale ambao hawaogopi chochote kwa kuwa ujumbe waliopata haukufanana neno kwa neno na ule wa ukutani. Kanuni hii haihusu barua peke yake. Mwalimu anayefundisha insha kwa kusahihisha makosa tu, bila kuonyesha insha iliyo nzuri na kueleza kwa nini ni nzuri, amefanya kosa hilo hilo.

Fundisho la tatu: makosa ni mawili

Chujio huweza kukosea kwa njia mbili. Huweza kupitisha taka, na huweza kuizuia barua njema. Makosa haya mawili hayana uzito sawa, na uzito wake hubadilika kwa kadiri ya jambo lenyewe. Katika baruapepe, kupoteza barua ya kuitwa kazini ni hasara kubwa kuliko kuona tangazo moja la kuudhi. Ndiyo sababu seva nyingi haziifuti barua inayoshukiwa, bali huiweka katika sanduku la kando ili mwenyewe akitaka aitazame. Lakini katika ujumbe wa kutuma fedha mambo hugeuka. Kuchelewa nusu saa kwa ajili ya kuuliza hakumpotezei mtu kitu kikubwa. Fedha zilizokwenda kwa mwizi ni vigumu kurudi.

Kwa hiyo mtoto asipewe makapu mawili tu, la "ndiyo" na la "hapana". Apewe kapu la tatu, la "ngoja, tuulize". Na kuuliza kwenyewe kufundishwe kwa usahihi: mtu hupiga namba aliyokuwa nayo tangu zamani, wala hapigi namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe unaoshukiwa. Hili ni jambo dogo, lakini mtoto asipofundishwa atampigia mwizi kumwuliza kama yeye ni mwizi.

Somo lenyewe

Tunapendekeza somo lifuatalo kwa darasa la sita, katika vipindi viwili vinavyofuatana. Madhumuni yake ni kumwezesha mtoto kupima ujumbe kwa kuhesabu dalili. Vifaa ni kadi 20, ubao na chaki.

Mwalimu aandike kadi 10 za ujumbe wa haki na kadi 10 za ujumbe wa ulaghai. Aziandike mwenyewe. Asichukue ujumbe halisi wa wazazi wenye majina na namba zao, kwani mambo ya watu si vifaa vya kufundishia, na tangu mwaka 2022 nchi yetu inayo sheria ya kulinda taarifa binafsi. Juu ya kila kadi aonyeshe kama namba ya mtumaji inajulikana nyumbani au haijulikani.

Katika kipindi cha kwanza watoto wazisome kadi wakijua zipi ni za haki na zipi ni za ulaghai, kisha wahesabu. Tuseme wameona kwamba neno "tuma" limo katika kadi 8 za ulaghai na 2 za haki. Maneno "namba hii" yamo katika kadi 7 za ulaghai na 1 ya haki. Na namba ya mtumaji haijulikani katika kadi 9 za ulaghai na 1 ya haki. Hesabu hizi ziandikwe ubaoni katika safu mbili.

Katika kipindi cha pili mwalimu alete kadi mpya yenye "tuma" na "namba hii", iliyotoka kwa namba isiyojulikana. Watoto wazidishe. Upande wa ulaghai ni 8 mara 7 mara 9, yaani 504. Upande wa haki ni 2 mara 1 mara 1, yaani 2. Ushahidi ni 252 kwa 1. Kadi hiyo haina mjadala mrefu.

Kisha alete kadi nyingine yenye maneno yale yale, lakini namba ya mtumaji inajulikana. Dalili hii ya namba inayojulikana imo katika kadi 1 ya ulaghai, kwa sababu simu huibiwa, na katika kadi 9 za haki. Sasa upande wa ulaghai ni 8 mara 7 mara 1, yaani 56. Upande wa haki ni 2 mara 1 mara 9, yaani 18. Ushahidi umeshuka hadi kama 3 kwa 1. Maneno hayakubadilika hata herufi moja, lakini hukumu imetikisika. Hapa watoto wataanza kubishana, na mwalimu mwenye busara atawaacha wabishane. Kadi hii ndiyo ya kapu la tatu.

Yako mambo mawili ya kumsaidia mwalimu asije akakwama. Kwanza, dalili isiyoonekana hata mara moja upande mmoja isiandikwe 0, kwani 0 katika kuzidisha humeza ushahidi mwingine wote. Watengenezaji wa programu huepa shida hii kwa kuongeza hesabu ndogo pande zote. Nasi twaweza kuongeza 1 kila upande. Pili, hesabu hii huchukulia kwamba kila dalili hujitokeza bila kuitegemea nyingine. Si kweli kabisa, kwa maana "tuma" na "namba hii" hupenda kufuatana. Kwa hiyo jibu la 252 kwa 1 lisichukuliwe kama kipimo cha rula. Ni mwongozo wa kuonyesha upande gani umeelemea.

Lugha yetu na chujio

Kuna sababu nyingine ya kutaka somo hili lifundishwe kwa Kiswahili na walimu wa Kiswahili. Kanuni nyingi za machujio haya ziliandikwa na watu waliokuwa wakisoma barua za Kiingereza. Lakini hata chujio linalojifunza kwa kuhesabu maneno hupata taabu katika lugha yetu kwa sababu ya muundo wake. Tuma, nitumie, utume, itumwe, nimekutumia: kwa programu inayohesabu maneno kama yalivyoandikwa, hayo ni maneno matano mbalimbali, na ushahidi uliopaswa kulundikana mahali pamoja hutawanyika mahali patano. Mtoto aliyefundishwa mnyambuliko wa vitenzi huuona mara moja mzizi mmoja, -tum-, katika yote. Kwa hiyo kipindi cha sarufi ambacho watoto hukiona kikavu kina kazi ya kweli duniani. Na atakayekuja kuifundisha seva kuutambua mzizi wa neno la Kiswahili, huenda leo amekaa katika dawati la nyuma huko Kisesa.

Pingamizi mbili

Wako wenzetu wanaosema kwamba hii ni kazi ya serikali na ya kampuni za simu. Ni kweli kwamba wao wana wajibu wao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa ujumbe usioombwa katika kifungu cha 20. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulifikia ukomo tarehe 20 Januari 2020. Mwananchi huweza kupeleka taarifa ya namba ya mlaghai kwenye namba 15040. Mambo haya watoto wayajue. Hata hivyo, sheria kwa kawaida humfikia mwizi baada ya wizi, na chujio la seva hulinda barua zinazopita katika seva hiyo tu. Kati ya ujumbe na mkono wa bibi amebaki mtu mmoja, naye ni msomaji.

Wengine husema kwamba walaghai hubadili mbinu kila siku, basi somo litachakaa. Hilo ndilo hasa linalotufanya tukatae kufundisha kwa orodha ya makatazo. Watu wa Bujora wanajua habari ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Katika sherehe za Bulabo za mwezi Juni kila upande huja na mbinu mpya za kuwavuta watazamaji, na upande wa pili hulazimika kubuni zaidi. Mashindano hayo ni ya heri, na haya ya walaghai ni ya shari, lakini mwendo wao ni mmoja: anayebaki na ngoma ya mwaka jana hubaki peke yake uwanjani. Orodha huchakaa. Uwezo wa kuhesabu upya, kwa kadi mpya na dalili mpya, hauchakai.

Mnamo Machi 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zetu zimjengee mtoto akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine huku akikataa au kukubali kwa kadiri ya mahitaji yake. Kukataa na kukubali kwa kupima ndiko tunakozungumzia hapa. Mtoto anayekataa kila kitu hajadadisi, na anayekubali kila kitu hajadadisi vilevile.

Ndugu wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, tayarisheni kadi zenu 20 mapema. Hakikisheni kwamba 10 kati yake ni za haki, tena za haki ya kweli, zenye kuomba fedha, zenye haraka na zenye makosa ya tahajia, kama ujumbe wa watu wetu ulivyo. Kadi za ulaghai ni rahisi kuandika. Zile 10 nyingine ndizo zitakazoonyesha kama mwalimu amejiandaa.